Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Hifadhi za Misitu ya Mvua: Kibali cha Pango Kifuate Maji, Si Kalenda

Kwa wakurugenzi, wahifadhi wakuu na wote wenye dhamana ya hifadhi za misitu ya mvua zenye mapango makubwa.

Waheshimiwa,

Sisi tunaowaandikia ni watu wa mapangoni: wapimaji, wachoraji wa ramani, mafundi wa kamba na waongozaji. Ombi letu kubwa ni moja, na mengine yote humu yanatokana nalo. Ruhusa ya kuingia katika pango lenye mto itolewe kwa kuangalia hali ya maji ya siku hiyo, si kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kibali wala kwa risiti ya ada. Katika hifadhi nyingi mambo huenda hivi: kikundi kinajaza fomu, kinalipa, kinapangiwa siku, na siku ikifika kinaingia. Fomu inauliza majina, uraia, nambari za pasipoti na idadi ya watu. Haiulizi mvua kiasi gani imenyesha tangu jana kule juu ambako mto wa pango unaanzia.

Mnakumbuka Tham Luang, kaskazini mwa Thailand. Mlangoni pa pango lile palikuwa na kibao kilichoonya kwamba msimu wa mafuriko ni Julai hadi Novemba. Tarehe 23 Juni 2018, siku chache tu kabla ya msimu wa kibao kuanza, vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia ndani. Mvua ikanyesha, maji yakafunga njia nyuma yao. Walipatikana wakiwa hai Julai 2, kilomita kama 4 kutoka mlangoni, na wa mwisho alitolewa Julai 10. Saman Kunan, mwanajeshi wa zamani wa kikosi maalumu cha majini aliyejitolea kupeleka mitungi ya hewa, alifia humo Julai 6. Waliokuwa wakipigana na maji yale hawakuishia kuweka pampu pangoni. Walipanda pia mlimani kutafuta mashimo na vijito vinavyolilisha pango, wakavipa mkondo mwingine. Kazi ya kujua maji ya pango yanatoka wapi ilifanywa kwa haraka, watoto wakiwa tayari wamenasa. Sisi tunasema ifanywe mapema, na ifanywe kwa kila pango.

Hatari yenyewe inatokana na jinsi mapango haya yalivyoumbika. Mengi yamechimbwa na mito, na mito hiyo bado iko kazini. Mulu, hifadhi iliyo katika jimbo la Sarawak nchini Malaysia, hupata mvua ya kiasi cha milimita 4,000 hadi 5,000 kwa mwaka. Sehemu ya mvua ya namna hiyo huangukia miamba isiyopitisha maji, hukusanyika kuwa vijito, na kijito kikigusa mawe ya chokaa huzama ardhini. Mtu anaweza kusimama mlangoni pa pango jua likimchoma, huku upande wa pili wa mlima mvua inamwagika. Maji ya mvua hiyo yako njiani kumfuata.

Mto wa nje ukijaa hupanuka na kumwaga maji mashambani. Pangoni hakuna pa kumwaga. Penye kubana, maji yakizidi kile kinachoweza kupita, yaliyobaki hupanda juu. Ukumbi wenye upana wa mita 50 unaweza kujaa kwa sababu ya tundu la mita 1 lililo mbele yake, na mtu aliye ukumbini hana habari na tundu hilo. Kisha kuna msitu wenyewe. Mafuriko husomba magogo na mizizi kuyaingiza ndani. Gogo moja likikwama penye tundu, matawi hujipanga juu yake, majani huziba nafasi kati ya matawi, na tundu lililokuwa likipitisha mto mzima sasa linapitisha sehemu yake tu. Ndiyo maana alama ya mafuriko ya mwaka jana haiwezi kuwa kipimo cha mwaka huu mpaka mtu aende akaangalie magogo yamekaa vipi. Ukaguzi huo ufanyike kila msimu wa mvua unapoisha, kabla ya kikundi cha kwanza kuruhusiwa.

Udongo nao hubadilisha hesabu. Milimita 40 za kwanza za mvua baada ya kipindi kikavu humezwa kwa sehemu kubwa na majani yaliyooza na udongo wa msituni. Milimita 40 zile zile zikinyesha baada ya wiki mbili za mvua, ardhi imeshashiba, hushuka ndani ya saa chache. Kwa hiyo anayeamua asiangalie mvua ya jana peke yake. Aangalie jumla mbili: ya saa 24 zilizopita na ya siku 7 zilizopita.

Tunachotaka kiwekwe ni vifaa vya kawaida kabisa. Kipima-mvua kikae juu, kwenye eneo linalolisha mto wa pango. Kilicho kwenye ofisi ya hifadhi kinapima mvua ya ofisi. Fito yenye alama za sentimita isimamishwe pale mto unapozama, na nyingine ndani, mahali ambapo mwongozaji lazima apite. Halafu viwekwe vipima-kina vya shinikizo vinavyojirekodia vyenyewe kila dakika 10, ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwa bolti mwambani, maana kikiachwa wazi gogo la kwanza hukisomba. Kifaa cha pili cha aina hiyo hiyo kiwekwe karibu, nje ya maji, ili shinikizo la hewa litolewe kwenye hesabu. Wengi huruka hatua hii, kisha hushangaa kuona kina kinapanda na kushuka kwa sentimita kadhaa siku isiyo na mvua. Rekodi ziendelee kwa muda usiopungua miezi 12, ili msimu mzima wa mvua uwemo.

Rekodi hizo zikishalinganishwa na za mvua, mnapata namba ambayo kwetu ni muhimu kuliko zote: muda kati ya mvua kubwa kunyesha mlimani na maji kuanza kupanda pangoni. Muuite muda wa maji. Kisha pimeni muda wa kutoka: kikundi cha wageni wa kawaida, wakiwa wamechoka, wakirudi kutoka sehemu ya mbali kabisa iliyo wazi kwao mpaka wavuke sehemu ya mwisho inayojaa. Muda wa maji ukiwa saa 3 na muda wa kutoka ukiwa saa 4, njia hiyo haifai wageni katika siku yoyote yenye uwezekano wa mvua. Hakuna mwongozaji hodari atakayeziba pengo la saa 1. Muda wa maji ukiwa saa 10 na wa kutoka saa 3, hapo kuna nafasi ya kufanya kazi, ilimradi kuna mtu juu anayesoma kipima-mvua na kuna njia ya kumfikishia mwongozaji habari.

Ndani ya pango mwongozaji anasoma kuta. Povu kavu la kahawia lililoganda kwenye ukuta huonyesha maji yalifika wapi. Jani lililobandikwa kwenye dari mita 8 juu ya kichwa husema zaidi: likiwa jeusi na linavunjika kwa kuguswa, ni la zamani, likiwa bado laini na mshipa wake wa kati unakunjika bila kukatika, maji yalikuwa pale siku chache tu zilizopita. Mto unaotembea nao ukianza kubadilika rangi, ukibeba majani mabichi na vijiti, au sauti yake ikinenepa, safari imeisha hapo hapo. Upepo wa pangoni pia hutoa habari: ukikatika ghafla penye njia nyembamba, huenda mbele pameshazibwa na maji. Mambo haya yafundishwe kwa kuonyeshwa mahali penyewe, kwa sababu karatasi haimfundishi mtu kutofautisha povu la mwezi uliopita na la juzi.

Mipaka ya hifadhi nyingi imefuata jabali la chokaa kwa sababu ndilo linaloonekana. Lakini maji ya pango mara nyingi huanzia nje ya jabali, pengine nje ya hifadhi kabisa. Msitu ukikatwa huko, mvua hushuka haraka zaidi na tope huongezeka. Muda wa maji mliopima miaka mitano iliyopita unakuwa hauna kazi. Njia ya kujua ni kutia rangi ya fluoresini kwenye kila kijito kinachozama, na kutega vifuko vya mkaa kwenye chemchemi na mito ya pangoni. Mkaa hunasa rangi hata pale macho hayaioni. Vifuko hubadilishwa kila wiki, na aliyeshika rangi kamwe asiguse vifuko, maana chembe kidogo za mkononi hutoa jibu la uongo.

Tukija kwenye ramani, tunaomba mwache kukubali picha nzuri ya ukutani kama ndiyo kazi ya kupima. Mnapotoa kibali cha utafutaji, sharti la kwanza liwe kwamba hakuna anayekwenda mbele ya mstari wa upimaji. Anayekimbilia njia mpya bila kuipima anaacha nyayo kwenye tope ambalo huenda halijawahi kukanyagwa, na hifadhi haipati kitu.

Ugumu wa kazi hii unaonekana katika kumbi kubwa. Ukumbi wa Sarawak, uliogunduliwa Januari 1981 ndani ya pango la Gua Nasib Bagus huko Mulu, una urefu wa kama mita 600 na upana unaozidi mita 400. Katika nafasi ya namna hiyo taa ya kichwani haifiki ukuta wa pili. Anayetembea kwa kukisia huishia kuzunguka kwenye mawe makubwa akiamini anakwenda mbele. Kanuni ni kushika ukuta, kupima kituo kwa kituo, kisha kukata katikati ukiwa na uelekeo wa dira na mwenzako anayekuona kwa nyuma. Alama za njia ziwe vipande vya utepe unaorudisha mwanga, vihesabiwe wakati wa kuingia na vihesabiwe tena wakati wa kuondolewa. Rangi ya kupulizia isiruhusiwe kabisa.

Kipimo kimoja kina namba tatu: umbali, uelekeo na mwinamo. Kwa kipima-umbali cha leza chenye dira ndani, mtu mmoja anapima, wa pili anaweka vituo, wa tatu anachora kwenye karatasi isiyolowa. Kila kipimo kinachukuliwa kwenda na kurudi. Tofauti ya uelekeo ikizidi digrii 2, kinarudiwa pale pale. Kosa mara nyingi huletwa na chuma kilicho karibu: betri ya taa ya kichwani, karabina za chuma (pete za kufungia kamba) kiunoni, hata fremu ya miwani. Njia zinapozunguka na kukutana, kitanzi hufungwa kwa hesabu, yaani vipimo hujumlishwa kuona kama vinarudi pale vilipoanzia, na kosa likizidi asilimia 2 ya urefu wake kuna kituo kimeandikwa vibaya. Kitafutwe, kisifichwe kwa kuigawanya tofauti kwenye vituo vyote. Kifaa chenyewe kisawazishwe kambini, mbali na magari na mabati, kila baada ya kubadilishwa betri.

Mlango wa pango nao una mtego wake. Chini ya miti mirefu na pembeni mwa jabali, kipokezi cha setilaiti kinaweza kukosea kwa makumi ya mita. Kiacheni kikusanye wastani kwa saa nzima, au mpime kwa dira kutoka mahali peupe mpaka mlangoni. Mlango ukikosewa, pango lote linahama kwenye ramani, na hamtajua ni kijito kipi cha juu kinapita juu ya njia ipi.

Nasi tunarudi kwenye maji. Ramani ya kutazamia juu haitoshi. Lazima iwe na mchoro wa ubavu unaoonyesha njia inaposhuka na kupanda. Njia inayoshuka kisha ikapanda ndiyo hujaa kwanza, hata ikiwa mita 100 tu kutoka mlangoni. Aliye ndani zaidi anakuwa pakavu, hasikii lolote, na mlango umeshafungwa. Sehemu kama hizo zitiwe alama nyekundu. Na kwa kila moja, upande wa ndani, patafutwe pa kukimbilia: mahali palipo juu ya alama ya juu kabisa ya mafuriko, penye hewa inayotembea, penye nafasi ya kikundi kizima kukaa na kulala. Hapo liwekwe sanduku lisilopitisha maji lenye blanketi za foili, taa na betri, chakula cha siku 2 na dawa ya kusafishia maji. Waliozuiwa na maji wakae hapo wasubiri. Kujaribu kuogelea kwenye maji ya kahawia yenye magogo, gizani, ndiko kunakoua.

Rekodi mbichi za upimaji zikabidhiwe hifadhi pamoja na ramani, nakala mbili, zihifadhiwe mahali tofauti. Mahali halisi pa milango midogo pasichapishwe hadharani; wezi wa viota vya mbayuwayu vinavyoliwa na wachimba mifupa ya kale husoma ramani kama wengine.

Sasa suala la waongozaji. Hapa tunaona hifadhi zinakosea bila kujua. Katika sehemu nyingi mwongozaji hulipwa kwa safari. Safari ikiahirishwa, hana malipo. Wageni wamesafiri mbali, wamelipa ada isiyorudishwa, wamesimama mlangoni wamevaa tayari. Mto umepanda sentimita 15 kwenye fito. Kila aliyepo hapo ana sababu ya kutaka kuingia, na mtu pekee mwenye ujuzi wa kukataa ndiye atakayepoteza mshahara wa siku. Ajali za namna hii hutengenezwa ofisini. Mwongozaji anayeahirisha alipwe siku nzima. Kibali cha kikundi kilichozuiwa na maji kiendelee kutumika tarehe nyingine au fedha zirudishwe. Na iandikwe wazi kwamba uamuzi wa mwongozaji wa kurudisha watu haupingwi na ofisa yeyote, hata akiwa na wageni wakubwa.

Waongozaji hao watoke vijiji jirani. Mlango wa pango la Son Doong, katika hifadhi ya Phong Nha-Ke Bang nchini Vietnam, uliwahi kuonwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Ho Khanh, mwenyeji aliyekuwa msituni akihangaikia riziki. Ni yeye aliyewapeleka wapimaji wa Uingereza na Vietnam waliokuja kulipima mwaka 2009. Watu wanaojua msitu wanajua pia mto upi hukasirika kwanza. Wafundishwe kamba, huduma ya kwanza na kusoma rekodi za vipima-kina, waajiriwe kwa mkataba, wasichukuliwe kama vibarua wa kubeba mizigo. Son Doong hiyo hiyo hupokea wageni wapatao 1,000 tu kwa mwaka na hufungwa miezi ya mafuriko makubwa. Mulu nao hutenganisha mapango yenye njia za mbao na taa na yale ya kutambaa na kupanda, na hupanga hayo ya pili kwa ngazi: anayetaka safari ngumu lazima aonyeshe uwezo kwenye rahisi. Huo ni utaratibu wa kuigwa.

Kikundi kisipungue watu 4: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, wawili wanatoka kutafuta msaada. Kwa wageni kisizidi 8 kwa waongozaji 2. Kila mtu awe na kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni na taa tatu zinazojitegemea, mbili kati ya hizo zikiwa za kuvaa kichwani. Simu si taa. Muda ugawanywe mara tatu: theluthi ya kuingia, theluthi ya kutoka, theluthi ya akiba. Theluthi ya kwanza ikiisha mnageuka, hata kama ukumbi mnaoutafuta uko mita 200 mbele. Joto la mapango haya mara nyingi huwa kati ya nyuzi 24 na 26 na unyevu hukaribia asilimia 100, kwa hiyo jasho halikauki na watu huchoka bila kujua. Maji ya kunywa yasipungue lita 2 kwa nusu siku. Lakini mtu huyo huyo akikaa amelowa kwa muda wa saa nne penye upepo, hutetemeka. Blanketi ya foili iwe mfukoni mwa kila mmoja.

Kuhusu bolti na kamba, tutasema kwa ufupi kwa sababu mafundi wanajua. Bolti za chuma cha kawaida hazidumu katika mapango ya joto yenye kinyesi cha popo. Hula kutu kuanzia ndani ya tundu, huku kichwa kikionekana kizima. Ziwe za chuma kisichoshika kutu, za kugandishwa kwa gundi maalumu penye mwamba laini, na kila kamba ishikwe na nanga mbili, yaani vishikizo viwili mwambani. Hifadhi iwe na daftari la bolti: tarehe, aina, aliyeweka. Kamba zilizoachwa pangoni na safari zilizopita zisipandwe kamwe. Maji ya mafuriko huzipiga kwenye kingo kali, na pale zilipogusa mwamba huwa zimebaki nyuzi chache. Kila kamba ya kushukia iwe na fundo mwishoni.

Popo ni suala pana. Katika pango la Deer huko Mulu hutoka popo kwa mamilioni jioni, na wageni hufurahia wakiwa nje, mbali na mlango. Huo ndio umbali unaofaa. Miezi ya kuzaa na kunyonyesha, kumbi za watoto wa popo zifungwe kabisa. Mama akishtuliwa huruka, mtoto huanguka. Na kwa upande wa binadamu, yaliyotokea Uganda hayapaswi kusahaulika. Katika msitu wa Maramagambo, hifadhi ya Queen Elizabeth, mgeni mmoja kutoka Uholanzi aliyeingia pango lenye popo wanaokula matunda alifariki kwa homa ya Marburg mwaka 2008, na mwingine kutoka Marekani aliyelitembelea Desemba 2007 aliugua akapona. Baadaye ilibainika kuwa maambukizi kwa popo hao huongezeka kwa vipindi, hasa miongoni mwa wachanga wa umri wa miezi 6 hivi. Pango linalokaliwa na aina hiyo ya popo lisiwe la kuingia watalii, basi. Watazame kwa mbali.

Magonjwa mengine hayaogofyi kiasi hicho lakini huwapata wengi zaidi. Vumbi la kinyesi cha popo lina kuvu ya histoplasma inayoshambulia mapafu. Penye vumbi kavu, barakoa inayochuja chembe ndogo ivaliwe. Maji ya mito hubeba homa ya mgunda, kama ilivyoonekana katika mashindano ya Eco-Challenge huko Sabah, Malaysia, mwaka 2000, ambapo washiriki wengi waliugua baada ya kuogelea mtoni. Vidonda vifunikwe, maji yasimezwe, na anayekwenda kukaa mtoni siku nyingi amwulize daktari kuhusu dawa ya doksisaiklini. Jambo rahisi ambalo hifadhi inaweza kufanya kesho: kila mgeni apewe kadi yenye jina la pango na tarehe aliyoingia, na maelezo kwamba akipata homa ndani ya siku 30 aionyeshe hospitalini. Daktari aliye mbali hawezi kukisia pango.

Hewa nayo ipimwe. Mahali pa chini pasipo na upepo, penye kinyesi kingi au magogo yanayooza, hewa ukaa hukusanyika. Ikifika asilimia 3 mtu huhema na kichwa huuma. Msitegemee kiberiti, kwa sababu moto huzimika oksijeni ikipungua, na wakati huo hewa ukaa inaweza kuwa imeshazidi kiwango cha kuumiza. Kipima-gesi kidogo cha mkononi kinatosha.

Mwisho ni uokoaji. Machela kwenye mawe makubwa huhitaji wabebaji 8 kwa zamu, na zamu zisizopungua 3, yaani watu 24 waliofunzwa wanaoweza kufika mlangoni ndani ya saa chache. Simu za mkononi na redio za kawaida hazipenyi mwamba. Inatakiwa simu ya waya uliotandazwa, au redio ya masafa ya chini kama ya kilohezi 87. Zoezi lifanyike kila mwaka, kuanzia sehemu ya mbali kabisa iliyo wazi kwa wageni, usiku. Mkishindwa kumtoa mtu wa mazoezi kutoka mahali fulani, mahali hapo pafungwe. Kila kikundi kiache ofisini saa ya kurudi na saa ya kupiga kengele ya hatari wasipoonekana, kwa mfano saa 10 jioni na saa 2 usiku, na awepo mtu mwenye jina anayekesha mpaka waripoti.

Kwa hiyo tunaomba jibu la maandishi kutoka kwa kila hifadhi, kabla ya msimu ujao wa mvua, likitaja pango kwa pango: muda wa maji ni saa ngapi, muda wa kutoka ni saa ngapi, nani anasoma kipima-mvua asubuhi, na anampelekeaje mwongozaji habari. Pango ambalo maswali hayo manne hayana jibu lifungwe kwa wageni mpaka yapate. Wapimaji tupo tayari kuja kufunga vipima-kina na kuwafundisha watu wenu kuvisoma. Mtupe kibali na mtu wa kufuatana naye.

Wasalaam,

Wapimaji na waongozaji wa mapango